Saini Yangu na Pipa la Sumu

Naikumbuka siku ile kwa viatu nilivyovaa, mwanangu. Vilikuwa vya ngozi nyeusi, vipya, vya kufunga kamba, na kwa ajili yavyo mto wetu ulitiwa sumu mara ya pili. Mara ya kwanza walioutia sumu ni watu wa shamba. Mara ya pili niliutia mimi, kwa kalamu.

Nitakueleza yote, ila usitarajie upole. Watu hudhani mzee akisimulia ya ujanani hupoa kama uji wa futari. Mimi sijapoa. Kila nikimwona kijana amepewa karatasi atie saini, naye anatafuta kalamu kabla hajaenda kutazama kile anachokitilia saini, damu hunipanda kichwani, na daktari wangu amenikataza kupandwa na damu.

Kwanza umjue anayesema nawe. Baba yangu hakuniachia kitu ila jina. Nilikata miwa Ramisi mpaka viganja vikaota sugu. Nilipanga vitanda vya wageni ufuoni Diani, nikitabasamu kutwa nzima kwa watu wasionijua. Na kwa jasho hilo, si la mjomba wala la mheshimiwa yeyote, nilijipeleka chuo kimoja kando ya ziwa, mbali huko bara, nikasomea mambo ya maji na samaki kwa miaka mitatu. Nilirudi na stashahada. Katika kijiji chetu, huku kati ya Msambweni na Bodo, hakuna aliyekuwa nayo kabla yangu. Nalisema hili bila haya, na wanaoniambia najivuna ni wale wale waliokuwa wamelala nilipokuwa nikisoma. Niliitia fremu ya mvule nikaitundika sebuleni, mahali ambapo kila anayekuja kunijulia hali lazima aione. Ipo mpaka leo.

Sasa huo mto. Sitautaja jina, wenyewe wanaujua. Ni mto mdogo unaotoka juu mashambani, ukapita chini ya daraja la barabara kuu, kisha ukajipinda mara tatu nne ndani ya mikoko ndipo uingie baharini. Kwenye pindo la mwisho ndipo wanawake wetu wanapotanda uduvi. Hushona kanga kuukuu mbili zikawa moja, huyu akashika huku na yule kule, wakakokota ndani ya maji ya magotini. Kanga hiyo ndiyo tandilo. Huingia maji yakiwa yamekupwa, wakatoka na uduvi, kamba, na chaa wadogo wa kitoweo, na nyumba nyingi hapa zimekula kwa tandilo kuliko zilivyokula kwa mshahara wa mume. Aliyekuwa akiwaongoza ni shangazi yangu Mejumaa, dada mkubwa wa baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo bila kufungua mdomo sana.

Mwaka niliorudi, masika yalikuwa makali. Juu ya mto kulikuwa na shamba kubwa la mboga, na wenye shamba walikuwa wamejenga ghala la dawa za wadudu ukingoni kabisa, ili wawe karibu na maji ya kuchanganyia. Hebu fikiri. Sumu ya kuua kila kidudu chenye miguu sita, na umeiweka hatua kumi kutoka kwenye maji ya watu. Mto ukapanda, ukuta ukaanguka, mapipa yakaenda na mkondo. Asubuhi yake harufu ilitukuta msikitini. Tulipoteremka tuliona samaki wanaelea matumbo juu, kambare na chaa na mikunga. Tulimwona ndege mdiria amekufa ukingoni na samaki bado yumo mdomoni mwake. Wale fisi maji wawili waliokuwa wakicheza chini ya daraja walikutwa wamenasa kwenye takataka za nguzo, manyoya yamegandamana.

Chifu akapiga marufuku kuvua na kuteka. Watu wa shamba wakaokota mapipa waliyoyaona, wakasema ndiyo yote. Ikaundwa kamati, na kamati ikataka mtaalamu wa kuupima mto: maji yana nini, viumbe gani wamebaki, na kifanywe kitu gani ili mto urudi kama ulivyokuwa. Nani tena? Nilikuwa na miezi mitatu tangu nirudi, stashahada bado inanuka vanishi.

Meneja wa lile shamba alikuja mwenyewe kunichukua kwa gari. Akaniita Daktari. Mimi si daktari, na sikumsahihisha.

"Daktari, boti ninayo," akaniambia. "Tutoke saa kumi alasiri. Saa hizo maji ni mengi, boti inapita bila kukwama. Hutachafua hata soksi."

Ilikuwa siku za bamvua. Mtoto wa pwani hafundishwi bamvua, mwanangu, huzaliwa nayo. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari hujaa mpaka ikapanda mtoni. Huku kwetu saa kumi alasiri utakuta maji yamefika kwenye majani ya mikoko, na saa nne asubuhi utakuta matope yako wazi. Niliyajua hayo kabla sijajua herufi. Lakini nilikuwa nimesomea ziwani, na ziwa halijai wala halikupwi, na vitabu vyangu vya ziwani havikusema lolote kuhusu saa. Au niseme kweli: nilijua, ila nilikuwa sitaki kujua, maana kushuka saa nne asubuhi ni kuingia kwenye tope hadi mapajani, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vya mtu aliyefanikiwa.

Siku tatu mfululizo nilitoka saa kumi. Nilichota maji ya katikati ya mto, nikayatia chupani, nikatia dawa, nikatazama rangi. Safi. Siku ya pili, safi. Siku ya tatu, safi. Vipi yasiwe safi? Nilikuwa napima bahari iliyokuja kutembea. Mto wenyewe ulikuwa chini yake, umelala na sumu yake kwenye tope, unasubiri mgeni aondoke.

Siku ya tatu nilipotoka botini niliwakuta wanawake wamesimama ukingoni, shangazi mbele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umepata nini?"

"Maji ni safi. Wiki hii mtaingia, inshallah."

"Safi ya saa kumi?"

"Safi ni safi, shangazi."

"Mbona kaa hawajatoka?" akaniuliza. "Nimepita asubuhi maji yamekupwa. Tope limelala kama ukuta uliopigwa lipu. Hakuna tundu jipya, hakuna tondo hata mmoja aliyetambaa kwenye mizizi. Njoo kesho saa nne, usimame nami, utazame."

Tondo, mwanangu, ni wale konokono warefu wa mikokoni. Nilitazama viatu vyangu. Bi Mwanasiti, ambaye hakuna arusi wala matanga aliyowahi kuyaacha bila kicheko, akamgusa shangazi begani: "Mwache mtoto wa watu, Bi Mejumaa. Atateleza avunje diploma."

Wakacheka wote. Nami kicheko kile kikanichoma. Miaka mitatu ya kula maharage ya chuo, nachekwa na nani hapa? Nikasema neno ambalo ningelipa vidole viwili nilirudishe kinywani. Nikasema, "Shangazi, kaa hawakusoma. Hili ni jambo la elimu, si jambo la tandilo."

Mbele ya watu. Kwa dada wa baba yangu. Wewe ni wa huku, sina haja ya kukueleza. Kwetu shangazi ni baba aliyevaa kanga. Shangazi alikunja tandilo lake taratibu, akaliweka kwapani.

"Haya," akasema. "Basi elimu iingie yenyewe kwanza." Akawageukia wenziwe: "Asiingie mtu."

Nilikwenda nyumbani nikaandika ripoti. Niliandika kwamba mto uko salama, na kwamba kilichobaki ni kupandikiza samaki wapya mahali pa waliokufa. Nikatia saini yenye mkia mrefu. Kamati ikaipokea, shamba likaipokea, kila mtu akaipokea kwa mikono miwili, maana karatasi hiyo iliwapa wote ruhusa ya kwenda kulala.

Baada ya wiki mbili, bamvua nyingine, ikafanywa sherehe. Vifaranga vya samaki aina ya mwatiko vililetwa kutoka mabwawani kwenye mifuko yenye maji na hewa. Palikuwa na turubai, viti vya kukodi, soda, ngoma, bango lenye picha ya samaki anayetabasamu. Meneja alikata utepe. Saa kumi alasiri, maji yamejaa pomoni yanametameta, nikamimina vifaranga kwa mkono wangu na watu wakapiga makofi. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, lakini siku ile tulichoma ubani wa kutosha mji mzima. Shangazi hakuja.

Kesho yake, kabla sijamaliza chai, Bi Mwanasiti alisimama mlangoni kwangu. Hakuwa na mzaha.

"Bi Mejumaa anakuita pindoni. Amesema uje sasa, maji hayajageuka."

Nilikwenda. Saa nne. Maji yalikuwa yamerudi baharini na mto ulikuwa mfereji mwembamba katikati ya tope. Na vifaranga vyangu, mwanangu, vilikuwa vimetapakaa juu ya tope huku na huku kama mchele uliomwagika, vyeupe, vimekauka macho. Hata kunguru hawakuvigusa. Nilitazama tope nikaona kile nilichoambiwa nije kukiona: limelala. Hakuna tundu la kaa. Hakuna wale visamaki wanaorukaruka juu ya matope. Hakuna mlio. Mikoko hai, maji yakikupwa, hulia; tope hububujika na kupasukapasuka vipovu kama chungu kilichoinjikwa. Pale palikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa.

Shangazi alikuwa ukingoni juu, na mti mrefu mkononi. Akauelekeza ng'ambo, chini ya mizizi ya mkoko mkubwa. "Ile buluu pale ni nini?"

Ilikuwa ukingo wa pipa. Limezama kwenye tope, limenaswa na mizizi, na kutoka chini yake kulikuwa na mchirizi wenye rangi za mafuta, unatiririka mtoni polepole.

"Nimeliona tangu maji ya kwanza kukupwa," akasema. "Nikadhani mtaalamu ameliona."

Nikasogea mpaka ukingoni.

"Haya, shuka ulitazame vizuri."

Nikasimama.

"Shuka, baba. Karatasi inasema ni salama."

Mguu haukwenda. Niliuambia uende, haukwenda. Nilikuwa nimesoma mlango mzima juu ya dawa ile, nilijua inavyoingia kwenye ngozi na inavyomfanya mtu atetemeke mpaka pumzi imkatikie. Nilijua yote hayo na nilikuwa nimeandika salama.

Shangazi aliushusha mti wake. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, si ile ya ng'ambo: "Na sisi ungetuingiza?"

Mwanangu, nimetukanwa na wanyapara Ramisi, nimetukanwa na wageni wa hotelini kwa lugha nne. Hakuna tusi lililonifika pale swali lile liliponifika.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kosa langu halisi lilipo, na hapa ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Ungedhani nilikimbia kwenye kamati nikasema nimekosea. Sikukimbia. Nilikwenda kwa meneja, nikamwambia kwa adabu kwamba kuna pipa limesalia, alitoe.

Akafungua droo, akatoa ripoti yangu, akanisomea. Alisoma vizuri, kwa sauti ya kutua.

"Mto uko salama. Nani kasema? Wewe."

"Lakini pipa lipo. Nimeliona."

"Pipa la nani, Daktari? Limeandikwa jina? Mtaalamu mmoja hawezi kuwa na kweli mbili. Ukisema leo kuna sumu, basi jana ulikuwa mwongo au mjinga. Chagua."

Nami sikutaka kuchagua. Mpaka leo sijui kama mtu yule aliipanga saa kumi kwa makusudi au alikuwa anaihurumia boti yake tu. Lakini najua alinijua. Alijua kwamba mtu anayependa kuitwa Daktari hatasema nilikosea. Basi nikaanza kuzunguka. Nikaandika karatasi niliyoiita nyongeza. Nikaandika nyingine niliyoiita ufafanuzi. Nikasema huenda hali imebadilika, huenda mvua mpya zimeleta kitu kipya. Kila ofisi niliyoingia, mtu alifungua faili akanionyesha mkia mrefu wa saini yangu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ilikuwa suti.

Vijana wa kijijini wakataka kulivuta pipa kwa kamba. Shangazi akawakataza. "Likiwapasukia mikononi nitawaambia nini mama zenu? Linataka watu wenye vyombo vyake. Na wenye vyombo wanangoja neno la mtu mmoja." Hakunitaja. Kila asubuhi maji yakikupwa alikwenda kusimama kwenye njia ya pindoni, asije mwanamke aliyezidiwa na njaa akaamini karatasi. Miezi miwili, mwanangu. Miezi miwili yule mwanamke alisimama juani kuulinda uhai wa watu dhidi ya maandishi yangu.

Ndipo siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, akaja kwangu. Akakaa sebuleni chini ya stashahada. Hakukubali maji wala juisi. Akainua macho akaitazama fremu.

"Hiyo karatasi ya ukutani haikukosea," akaniambia. "Imesema umesoma, na kweli umesoma. Aliyekosea ni weye. Nenda ukaseme. Utarudi utaikuta hapo hapo, haitakuwa imeanguka."

"Watanicheka, shangazi."

"Watakucheka sana," akasema. "Mie nitakuwa wa kwanza. Halafu?"

Halafu? Ndiyo, halafu nini? Nilikuwa nimeacha mto unakufa kwa kuogopa kicheko, na kicheko hata hakina meno.

Ijumaa ile baraza lilikuwa kwa chifu, meneja yupo, kamati ipo, watu wamejaa hadi nje. Nikasimama nikasema kwamba nilipima maji yakiwa yamejaa, kwamba nilionywa nikapuuza, kwamba ripoti yangu si kweli na naifuta, na kwamba kwenye pindo la mwisho kuna pipa linavuja. Nikaomba waje wapimaji wengine, waje saa nne asubuhi, na wapime tope.

Walinicheka, ndiyo. Mvuvi mmoja aliruka juu: "Leo safi, kesho chafu! Huo ni mto au ni mchumba?" Meneja akasimama akasema anashangaa stashahada siku hizi zinatoka wapi. Na shangazi, nakuapia, alicheka kama alivyoahidi, akapiga na makofi. Kisha akasimama. "Nani mwingine hapa ana kosa?" akauliza. "Mwanangu ametoa lake. Nani mwingine? Meneja, wewe huna?" Meneja akatazama simu yake.

Wapimaji walikuja, walishuka matopeni na mabuti marefu na glavu, walipima, wakakunja uso. Shamba likaamriwa litoe pipa na tope lote lililolizunguka. Ilipofika siku hiyo tulisimama wote ukingoni. Watu waliovaa nguo za kujifunika mwili mzima wakakata mizizi, wakafunga minyororo, mashine ikavuta. Pipa likatoka jepesi. Likaning'inia hewani likiyumba kama debe. Lilikuwa tupu.

Umeelewa? Tupu. Siku shangazi aliponionyesha, wapimaji walisema baadaye, huenda lilikuwa nusu. Nusu hiyo yote iliingia mtoni nilipokuwa nikiandika nyongeza na ufafanuzi. Iliingia tone kwa tone, nami nachagua maneno. Wenye shamba walipaswa kuona haya, na sijawahi kuona yeyote kati yao akiona haya. Lakini nusu ya pili ni yangu, na sitakubali mtu aniambie yamepita.

Tuliifanya kazi ya kuurudisha mto kuanzia hapo, na hii nitaisema kwa kifua mbele kwa sababu tuliifanya vizuri. Sikuleta samaki hata mmoja. Mto ukipona, samaki wa bahari huja wenyewe na maji kujaa. Usipopona, utawamwaga kuwaua. Tope bovu lilitolewa likapelekwa mbali na maji. Shamba likahamisha ghala lake juu kilimani, na ukingoni tukapanda matete na mikoko michanga mahali pa ile iliyokatwa. Na kupima, tulipima kwa kanga. Chuoni tulifundishwa kutumia kijifremu cha waya. Shangazi akasema kanga ni kubwa zaidi na kila nyumba inayo. Maji yakikupwa tulitandika kanga moja juu ya tope, tukahesabu matundu ya kaa yaliyokuwa ndani ya pindo zake, kisha tukaenda kwenye kijito kingine upande wa Bodo ambako sumu haikufika, tukatandika kanga ile ile, tukahesabu tena. Hapo unajua mgonjwa yuko umbali gani na mzima. Niliandika kila hesabu kwenye daftari, mapaja yangu yakiwa na tope, na wataalamu wenye shahada kubwa kuliko yangu wamekuja baadaye kuliomba daftari hilo. Nimewapa nakala. Lenyewe sitoi.

Miezi ilipita kanga ikirudi na sifuri. Kisha siku moja Bi Mwanasiti akapiga yowe, tukadhani amekanyaga mwiba. Alikuwa ameona tundu moja, na mwenye tundu ametoa gando moja nje kama mpiga ngoma ya chapuo. Tondo wakafuata. Masika ya pili visamaki vinavyoruka vikarudi, yangeyange wakarudi kuvila, na tope likaanza kulia tena. Lakini uduvi, mwanangu, uduvi ni kiumbe mdogo na mpole, ndiye anayekufa kwanza na kurudi mwisho. Shangazi Mejumaa alifariki mto ukiwa na kaa na hauna uduvi. Tandilo lake lilikuwa limekunjwa juu ya kabati, kavu, miaka miwili halijaguswa na maji. Uduvi walirudi masika yaliyofuata. Fisi maji hawajarudi hata leo, na mimi nimeacha kuwangoja.

Sasa nakuusia, nawe usikilize kama mtu anayesikiliza jina lake likiitwa. Soma. Usome kwa bidii kuliko nilivyosoma mimi, na ukipata cheti kitundike, jivunie, usiwasikilize wanaokuambia uinamishe kichwa kwa kitu ulichokitolea jasho. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Usipime kitu kwa saa anayokuchagulia mtu mwenye hatia. Usikubali chombo cha usafiri, wala sifa, wala jina kubwa, kutoka kwa mtu ambaye kazi yako ni kumkagua. Ukitumwa kutazama mto, muulize kwanza anayeuingilia kila siku, hata kama hajui kushika kalamu. Usimuulize kwa adabu ya juu juu halafu ukafanya lako, ila muulize ili ubadilike. Na kabla hujatia saini kwamba mahali ni salama, ingia weye kwanza. Kama mguu wako unakataa, mkono nao ukatae.

Na utakosea. Hakuna aliyesoma asiyekosea. Siku hiyo usiandike nyongeza. Usiandike ufafanuzi. Simama useme nimekosea, kwa neno hilo hilo moja, mbele ya watu wale wale uliowadanganya. Aibu hukaa siku saba, ikizidi arobaini. Sumu haihesabu siku.

Nenda na radhi yangu. Mola akukuze, akupe elimu yenye manufaa na kazi usiyoinunua kwa uongo. Akupe wazee wasiokuogopa, wa kukwambia ukweli usoni, na akupe masikio ya kuwasikia wangali hai. Akulinde na watu wanaokuita jina lisilo lako. Na siku ulimi wako utakapokuwa mzito kusema kosa lako, Mola aulainishe siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua. Amin.